Siku Nisizoweka Chumvi

Mtoto wangu alitolewa mgongoni mwangu akiwa na miezi minane. Hakupelekwa mbali. Alivushwa ua tu, kutoka nyumba yangu hadi nyumba ya mama mkwe, hatua kama ishirini, tena za mtu asiye na haraka. Aliletwa kunyonya asubuhi, mchana na jioni. Nakaa kwenye mkeka, napewa mtoto, mama mkwe anasimama mlangoni akiniangalia mikono, na mtoto akishiba anachukuliwa. Kumbeba, hapana. Mimi ni mtu wa kuanguka, na mtu wa kuanguka, walisema, mgongo wake si wa mtoto.

Nina kifafa. Nakitaja hivyo hivyo, kavu, maana nimechoka na watu wanaosema "yule dada ana shida kidogo" huku wanasogeza kikombe chao pembeni. Wapo wanaoamini mpaka leo kwamba ukimgusa mtu aliyeanguka, mate yake yakakupata, na wewe utaanza kuanguka. Kwa hiyo wanakuacha. Wanasimama mbali kidogo, wanakutazama mpaka umalize. Mimi nimeanguka shuleni, nimeanguka kisimani, nimeanguka kanisani katikati ya misa, na mara zote nimejiokota mwenyewe, nikajipangusa mwenyewe, nikarudi nyumbani.

Lakini nikitaka kueleweka lazima nianze na chumvi. Kwa mama zetu huku Ufipa, mwanamke akiwa kwenye siku zake haweki chumvi kwenye chakula cha wengine. Anapika kama kawaida, anachambua mboga, anachochea moto, ila ikifika kwenye chumvi anamwita mtu: mtoto wa kike ambaye bado hajakua, au mwanamke ambaye hayuko kwenye zake. Akiweka mwenyewe, tuliambiwa, mume atakohoa asipone na mtoto anayenyonya atadhoofika. Hakuna anayetangaza kitu. Anasema tu, leo chumvi weka wewe, na jiko zima limeelewa. Msichana naye ndivyo anavyomjulisha mama yake kwamba amevunja ungo. Mimi nilimwambia mama yangu maneno hayo nikiwa darasa la sita, nimegeukia ukuta kwa aibu. Alichukua kibakuli, akaweka chumvi, akaendelea kukoroga mboga.

Siku mbili baadaye tulikuwa tunapura ulezi. Baridi ya mwezi wa saba, upepo unapeperusha makapi, sisi wasichana tumejipanga na fimbo zetu. Nikasikia kitu kinapanda kutoka tumboni kuja kooni, halafu sikuwepo tena. Niliporudi nilikuwa nimeuma ulimi, nguo imelowa, na wenzangu wamesimama upande wa pili wa uwanja wakiwa wameshika fimbo kama watu waliomwona nyoka.

Nilichanjwa chale, nikafukizwa, nikaombewa. Mwisho mama akanipeleka zahanati, nikaanza vidonge vya fenobabitoni. Vilisaidia kiasi, nikawa naanguka mara moja moja badala ya kila mara. Chumvi na kuanguka vilikuwa vimefuatana kwa siku mbili tu, na hakuna mtu aliyeviweka pamoja, hata mimi mwenyewe. Mambo ya damu yalinong'onwa jikoni na wanawake. Mambo ya kifafa yalinong'onwa barazani na wanaume wa ukoo. Hao watu hawakuwahi kukaa kikao kimoja wakalinganisha habari zao.

Niliolewa karibu na Chala na fundi pikipiki, mtu mpole, mwenye kucha zisizotakata. Sikumficha. Nilimwambia mimi naanguka, akasema ameona injini mbovu kuliko mimi. Nilicheka siku hiyo mpaka nikapaliwa. Mama yake hakucheka alipoambiwa, ila hakukataa.

Tulikubaliana tusubiri kidogo kupata mtoto, kwa hiyo nilikwenda zahanati nikapewa vidonge vya majira. Yule aliyenipa hakuniuliza natumia dawa gani nyingine, na mimi sikusema, kwa kuogopa kwamba akisikia kifafa ataninyima. Nilimeza kila jioni bila kuruka hata siku moja. Mwezi wa tano wa kuvimeza nikawa na mimba. Mume wangu akaniuliza, kwa upole wake ule, kama kweli nilikuwa navimeza ama navitupa. Neno hilo liliniuma sana, na nilikaa siku mbili bila kumsemesha.

Basi ikaja ajabu nyingine. Tangu mimba ilipofika miezi minne, sikuanguka. Nikajifungua, nikanyonyesha, sikuanguka. Mwaka mzima na ushee. Siku zangu hazikuwa zimerudi kwa sababu ya kunyonyesha, na mimi nilikuwa nambeba mtoto wangu, napalilia maharage naye mgongoni, nateka maji naye mgongoni, nampeleka kigangoni Jumapili naye mgongoni, nikiringa. Watu wakasema mtoto ameniponya. Nami niliamini. Kwa nini nisiamini?

Mtoto alipotimiza miezi minane nilikuwa jikoni kwa mama mkwe, napika maharage ya watu wote. Nikaweka chumvi, nikaonja, nikafunika. Mtoto alikuwa mkekani nyuma yangu. Nilipoinuka nikasikia tumbo likinyonga, nikajua siku zangu zimerudi. Kabla sijageuka kumwambia mama mkwe kwamba nimekosea kuhusu ile chumvi, kitu kikapanda kooni.

Haya yafuatayo niliambiwa. Niliangukia upande wa mafiga. Mkono wangu wa kushoto uliingia kwenye makaa. Mama mkwe alimchukua mtoto, akatoka naye mpaka uani, na huko akasimama akipiga kelele za kuita watu. Mimi akaniacha. Aliogopa mate. Mkono ulibaki kwenye makaa mpaka mume wangu alipokuja kutoka barabarani na kunivuta. Vidole viwili, cha mwisho na kinachofuata, mpaka leo havinyooki. Natumia kiganja kusukumia kitambaa kwenye cherehani, na washonaji wenzangu hapa Sumbawanga, tulikohamia baadaye, wanadhani ni staili.

Ile ile jioni mama mkwe alikagua chungu. Akaonja. Chumvi ipo. Akagundua na damu kwenye nguo zangu. Akasema nimevunja mwiko, ndiyo maana ugonjwa umerudi, na safari hii ni mimi, safari ijayo ni mtoto. Nilikuwa nimelala na mkono umefungwa, nikamsikia akisema nje kwamba mjukuu wake hatalala tena ndani ya nyumba hii. Mume wangu alisema, "Sawa, mama." Maneno mawili. Nimemsamehe mengi, hayo mawili yalichukua muda.

Basi nikaanza maisha ya kuletewa mtoto na kunyang'anywa. Sitaki kuyapamba. Maziwa yalikuwa yananijia nikimsikia analia ng'ambo ya ua, nguo inalowa, nami nimekatazwa kwenda. Mtoto akajifunza kutembea huko. Nilimwona akivuka uani kwa hatua zake za kwanza, akielekea kwa bibi. Nilijisemea moyoni kwamba nitamchukia huyu mama mpaka naingia kaburini.

Naye hakunifichia kwamba ananichunguza. Zamu yangu ya kupika ilipofika na mimi niko kwenye siku zangu, nilimwita mtoto wa jirani aweke chumvi, kwa sauti ya juu kabisa, asikie. Na bado nilianguka. Mwezi uliofuata hivyo hivyo. Mama mkwe akaamini kwamba namwita mtoto kwa maonyesho tu, na kwamba pembeni naendelea kuweka kwa mkono wangu. Yeye hakusoma hata darasa moja. Akachukua mkaa, akaanza kuchora kwenye ukuta wa jiko lake, nyuma ya mlango. Siku niliyoita mtu aweke chumvi, mstari. Siku niliyoanguka, duara. Alikuwa anakusanya ushahidi.

Ushahidi wake aliutoa Jumapili moja baada ya misa, kwenye kikao cha ukoo. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu. Ajenda ilikuwa moja: nirudishwe kwetu, mtoto abaki. Baba wadogo wawili walikaa kwenye viti, mimi chini kwenye mkeka, mume wangu kasimama ukutani akikwangua kucha. Mama mkwe aliongea vizuri, lazima nikiri. Kisha akasema kama hawaamini waje waone, akawaongoza jikoni. Wanaume wale waliinama kuingia. Nami nikawafuata, hakuna aliyenikataza.

Nilikuwa nimeingia mle jikoni mara nyingi, lakini mlango ulikuwa wazi mchana kutwa na kuuficha ukuta. Sasa aliufunga, akasogeza taa ya simu ya mwanawe. Miezi saba ilikuwa imepangwa pale. Mistari minne au mitano, nafasi tupu ndefu, mistari minne au mitano, nafasi tupu. Na maduara yangu yote, yote jamani, yalikuwa yamebanana na mistari. Moja kabla tu ya mstari wa kwanza. Mengine juu ya mstari wa kwanza au wa pili. Kwenye zile nafasi ndefu hapakuwa na kitu.

"Mnaona?" mama mkwe akasema. "Kila akiwa kwenye siku zake anavunja mwiko, na kila akivunja anaanguka."

Nilipaswa kulia. Badala yake nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuipata tena, na haikuwa ya kumkasirikia yeye. Miaka kumi na saba nilikuwa nakwenda kuchukua dawa. Kila mara naulizwa naanguka mara ngapi, nasema mbili, tatu, wanaandika. Hakuna aliyeuliza siku gani, na mimi mwenye mwili sikujiuliza. Jibu lilikuwa kwenye ukuta wa mtu anayetaka kunifukuza.

Nikamwambia, "Mama, hizi ndizo hesabu zangu. Naomba nizinakili kabla hamjanirudisha."

Baba mdogo mmoja akaguna. Mwingine akasema mtu anayefukuzwa haombi daftari. Hapo ndipo mume wangu alipoacha kucha zake, akasema Jumanne ni siku ya kliniki Sumbawanga, tutakwenda, na kikao kitangoja. Alisema bila kumwangalia mama yake. Mama mkwe akajibu kwamba kama ni hivyo na yeye atakwenda, ili nisije nikadanganya huko.

Tulikwenda watatu na mtoto, mtoto mgongoni kwa bibi yake. Kliniki yetu watu wa kifafa iko pamoja na ya wagonjwa wa akili, na mama mkwe alikaa kwenye benchi ameshika rozari kwa nguvu, akiwatazama waliokaa naye. Nilitaka kumwambia kwamba hapo ndipo ninapokaa mimi kila mwezi.

Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mimi. Alitazama daftari langu la mistari na maduara niliyonakili ukutani, akauliza nani ameweka kumbukumbu hii. Nikamwonyesha mama mkwe kwa kidevu. Daktari akamwamkia shikamoo, akavuta kiti, akaanza kumweleza yeye, siyo mimi. Alisema katika damu ya mwanamke kuna homoni, zinapanda na kushuka kila mwezi. Ipo inayoutuliza ubongo na ipo inayouchangamsha. Siku zikikaribia, ile ya kutuliza inashuka ghafla, na kwa baadhi ya wanawake wenye kifafa hapo ndipo wanapoanguka zaidi. Ndiyo maana nilianza nilipovunja ungo. Ndiyo maana nilitulia wakati wa mimba na kunyonyesha, ingawa wapo wengine, alisema, ambao mimba ndiyo inawazidishia. Akauliza na habari ya uzazi wa mpango. Nilipotaja majira akatikisa kichwa: dawa yangu ya kifafa inaifanya ile ya majira iishe nguvu mwilini mapema. Nilimgeukia mume wangu. Aliinamisha uso mpaka kidevu kikagusa kifua.

Kisha mama mkwe akauliza swali lake.

"Kwa hiyo si chumvi?"

"Si chumvi, mama," daktari akasema. "Lakini usiache kuchora."

Alimfundisha na jambo lingine, pale pale sakafuni, akimtumia mume wangu kama mgonjwa: mtu akianguka mwondoe penye moto, mlaze ubavu, mwekee kitu laini chini ya kichwa, usimtie kijiko mdomoni, mngoje, na isipokoma baada ya dakika tano tafuta gari umlete hospitali. Mate hayaambukizi. Mama mkwe aliangalia mikono yake kama ameikuta leo.

Sikupona. Nasema hivyo kwa sababu watu wanapenda hadithi zinazoisha kliniki. Dawa ilibadilishwa kidogo kidogo, na nikapangiwa kuongeza kipimo siku zile chache zinazozunguka mstari wa kwanza, kwa maelekezo na kwa kurudi kila mwezi. Kipimo cha kwanza kilinifanya nilale kutwa. Cha pili kilinipa vipele. Nilianguka tena mara kadhaa. Katika mojawapo, nilipozinduka, kichwa changu kilikuwa juu ya kitenge kilichokunjwa, nimelazwa ubavu, na mama mkwe amekaa kando yangu kwenye vumbi, mkono wake begani kwangu. Kikao cha ukoo hakikuitwa tena.

Lakini mama mkwe hakunirudishia mtoto. Alisema atanirudishia nikimaliza miezi sita bila duara. Nilimwona mkatili, na leo bado nasema alikuwa mkatili, ingawa ni yeye aliyekuwa akivuka ua asubuhi kuniambia, kesho au keshokutwa mstari unaanza, umemeza? Desemba ilipofika, wakati wa kukandika nyumba kwa ajili ya Krismasi, alikandika jiko lote kwa udongo mpya, akaruka ile sehemu nyuma ya mlango. Akaiacha nyeusi vile vile.

Siku aliyonirudishia mtoto, miezi sita bila duara ilipotimia, alikuja asubuhi akasimama mbele yangu, akanigeuzia mgongo ili nimchukue. Mtoto alikuwa karibu anatimiza miaka mitatu. Nilimfungua kitenge, nikamweka mgongoni kwangu, nikafunga. Alilia. Alinyoosha mikono kwa bibi yake, akapiga mateke, akanipiga visigino kiunoni, akasema anataka kwao. Nilitembea naye hivyo mpaka kwenye shamba la mahindi na kurudi, analia njia nzima, na mimi nalia. Baada ya wiki mbili aliacha kulia, lakini alikuwa mzito na alipenda kutembea. Sikumbeba tena sana. Ile miezi ya kubebwa ilikuwa imekwisha, na hakuna dawa inayoirudisha.

Sasa nimepita arobaini. Siku zangu zimeanza kuvurugika, zinakuja mara mbili kwa mwezi, zinapotea miezi mitatu, na maduara yamepoteza mpangilio. Mwaka jana nilianguka sokoni Sumbawanga katikati ya magunia ya maharage. Daktari anasema ni homoni zile zile, zinaondoka kwa fujo kama zilivyokuja, huenda zikishatulia na mimi nitatulia. Tumeanza tena kutafuta kipimo. Sina ugomvi, nimeshazoea kuanza.

Krismasi iliyopita tulikwenda Chala. Mama mkwe ameshakuwa mzee, macho yamefifia, anakaa kwenye kigoda karibu na moto na anaamrisha. Siku zangu zilikuwa zimekwisha wiki iliyotangulia na nilikuwa nimeanguka, kwa hiyo binti yangu, yule yule mtoto wa mgongoni, ndiye alikuwa akipika. Ana miaka kumi na tatu, ananizidi urefu. Tangu akiwa na miaka minne yeye ndiye aliyekuwa akiniwekea chumvi, anajua siku zangu kuliko mimi. Mchicha ulikuwa umeiva. Nilimwona amesimama na kibakuli mkononi, hakiweki, hakirudishi. Kisha akageukia ukuta.

"Mama, leo chumvi weka wewe."

Nilikuwa nimelisubiri neno hilo miaka kumi na tatu na nilikuwa nimejiandaa, nina hotuba nzima kichwani kuhusu homoni na daftari na kwamba si kila mtoto hurithi. Hotuba hiyo sikuitoa. Yeye akauliza, bado kaangalia ukuta:

"Na mimi nitaanguka?"

Alijibu bibi yake kutoka kwenye kigoda.

"Hatujui. Ukianguka tutakuokota," akasema. "Mama yako mimi nilimwacha chini."

Halafu akaomba apewe kipande cha mkaa. Binti yangu akampa, akamshika kiwiko, akamwongoza nyuma ya mlango, na yule bibi akapapasa ukuta mpaka akaipata ile sehemu isiyokandikwa. Akachora mstari mmoja, mfupi, mbali kidogo na ile mistari yangu.

Mimi nilichukua kibakuli. Kwa mkono wangu mbovu nikaweka chumvi nyingi mno. Tulikula vile vile, sisi watatu, mpaka sufuria likaisha.